Posa ya Wodi ya Nyuma

Mtu wa kwanza kuja kuniposa nyumbani kwetu Wingwi hakuja kwa nafsi yake, wala kwa mwanawe, wala kwa mpwawe. Alikuja kuiposea wodi. Alikuwa daktari wa maradhi ya akili, wa pekee katika kisiwa kizima cha Pemba, na sisi wanafunzi wa udaktari tulimwita Mshenga, jina alilolijua na kulipenda. Jina lake hasa analo, ukoo anao, na wapo watu watakaokuhesabia babu zake mpaka usinzie. Mimi sina haja nao. Ninayemjua mimi ni mtu mrefu mwenye koti jeupe juu ya kanzu, mfukoni ana ndizi, na macho yake yanatafuta mwanafunzi wa kumchukua.

Shida yake ilikuwa moja, na kila mtu aliijua kwa sababu aliisema kila pahala, msikitini, sokoni, na mara moja mazikoni, mpaka akatolewa kwa adabu. Alikuwa anakaribia kustaafu. Akiondoka bila ya kupatikana daktari mwingine, wodi yake ingefungwa na kugeuzwa stoo ya vitanda vibovu. Wagonjwa wenye jamaa wangepelekwa Unguja kwa meli. Wasio na jamaa wangerudi kule alikowatoa, kwenye vyumba vya uani na kamba miguuni. Madaktari vijana wapo tele, alisema, lakini kila mmoja anataka kupasua watu, utadhani Pemba nzima ni shelisheli.

Wodi yenyewe ilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, baada ya mahali pa kufulia mashuka, ubavu kwa ubavu na chumba cha maiti. Njia ya kwendea ni moja. Watu waliona aibu kuulizia wodi ya akili mbele za wenzao, kwa hiyo waliulizia chumba cha maiti, kisha wakifika mwisho wa njia wakakata kushoto badala ya kulia. Ilikuwa kawaida kumwona mama anaingia getini na bakuli la chakula, anaulizia maiti, watu wanampa pole na kumwombea subira, naye anaitikia amina huku akiwahi kumlisha mumewe.

Mzee mmoja wa Wambaa alifika hivyo, naye kamshika mkono mwanawe, mvuvi, kijana mwenye nguvu zake, viwiko vimefungwa kamba. Mlinzi wa getini alikuwa mgeni na hakuwa amezoea.

"Maiti yuko wapi?" akauliza.

"Ndo yuno," mzee akajibu, akamsogeza mwanawe mbele.

"Yuno si yuhai?"

"Yuhai. Lakini nimeambiwa njia ni hino hino."

Kijana akatoa salamu, tena ile ndefu yenye rehema na baraka. Mlinzi akaitikia, maana salamu lazima iitikiwe hata kama aliyeitoa huna hakika naye, akawapisha. Mshenga alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alimwagiza mlinzi kwamba maiti yeyote anayekuja kwa miguu yake aletwe kwake moja kwa moja bila ya kuulizwa.

Yule kijana maradhi yake yalikuwa kwamba msomaji wa taarifa ya habari alikuwa akizitangaza siri zake kila jioni. Kwa hasira alizitupa baharini redio za mtaa mzima, isipokuwa ya kwao, ambayo ilikuwa mbovu. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kwenye mashua, na kila alipokuja kuchomwa sindano yake ya mwezi alileta samaki. Mshenga alimtumia kama mwenye duka anavyoutumia mzani. Wanafunzi wakisema maradhi ya akili hayaponi, yeye humwita mvuvi, humweka katikati ya darasa na changu wake mkononi, na kusema, "Muulizeni." Nasi tulikuwa hatujui la kuuliza, tukawa tunauliza bei ya samaki.

Kwa jinsi ya kuwapata wanafunzi, Mshenga alikuwa na mbinu ambazo sijaziona kwa mtu mwingine. Sisi tulikuwa tukiletwa Pemba kwa mafunzo ya vitendo, na kundi lote lilikimbilia chumba cha upasuaji. Yeye alilijua hilo. Alijua pia kwamba kila kundi huwa na mmoja au wawili wanaoanguka waonapo damu kwa mara ya kwanza. Basi siku za operesheni alikuwa akikaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, kwenye kibao, na chupa ya chai yenye sukari nyingi na ndizi zake, akingoja. Mwanafunzi akitolewa uso umempauka, miguu inaburuzwa, wa kwanza kumwona afumbuapo macho ni Mshenga.

"Usiogope, mwanangu," atamwambia. "Mungu keshakuonesha pahala pako. Kwetu hakuna damu."

Mwenzetu mmoja, bingwa wa kunyanyua vyuma, alizimia namna hiyo. Alipozinduka akamwona mzee wa mavazi meupe amemwinamia, anamtabasamia na kumpa tunda. Akaanza kutoa shahada. Mshenga akamsubiri amalize, kwa kuwa shahada haikatizwi, kisha akaendelea kumweleza faida za kuwa daktari wa maradhi ya akili. Kijana yule siku hizi ni mtaalamu wa macho huko bara. Hakutaka tena kusikia habari za mtu yeyote mwenye ndizi.

Ajabu ni kwamba katika kuwatongoza wanafunzi hakuwa akidanganya. Mwenye kuuza ng'ombe huficha kwato mbovu, lakini yeye alianza na kwato. "Utatukanwa," alitwambia. "Utatemewa mate. Jamaa zako watakuuliza lini utakuwa daktari wa kweli. Mgonjwa wa mpasuaji akipona humsifu daktari, mgonjwa wako akipona atapita upande wa pili wa njia asionekane kama anakujua." Tulipomuuliza basi faida ni ipi, akasema, "Hutachoka kusikia mambo." Kisha akaongeza kwamba mpasuaji akimaliza kazi yake mgonjwa kalala, na yeye akimaliza kazi yake mgonjwa kaamka. Msemo huo aliupenda mno, akausema hata palipokuwa hapana wa kuusikia ila mimi na dobi.

Kwa upande wa pili, sijapata kumwona mtu anayepingana na mafunzo yake mwenyewe kama yule. Alitufundisha namna ya kumtoa mtu hofu, hatua kwa hatua, na alikuwa anaogopa kuku. Simaanishi hakuwapenda, namaanisha aliwaogopa. Jiko la hospitali lilifuga kuku, na kuku wale walimjua. Akiwaona njiani alizunguka jengo zima, pengine na mvua juu yake, na kundi la wanafunzi nyuma likidhani kuzunguka ni sehemu ya somo. Nilimuuliza mbona hajitibu. Akanijibu kwamba hofu ya bure hutibika, lakini yeye kuku anamwogopa kwa sababu anamjua.

Alihimiza watu waaminiane, na kwenye karata alikuwa mwizi. Ukimkamata na karata chini ya paja hakukana wala hakuona haya. Alikutazama kwa upole na kukuuliza umeanza lini kuwashuku watu, na kama usiku unalala vizuri. Wapo waliotoka kwenye baraza yake ya karata wamefungwa mchezo na huku wameshika miadi ya kliniki.

Na mtu ambaye aliweza kumsikiliza mgonjwa kutwa nzima bila ya kupiga mwayo, nyumbani kwake hakumsikiliza mtu. Mkewe alikuwa mwanamke mwepesi wa maneno, mpishi wa mikate ya mofa, na sisi wanafunzi tulikuwa tukienda kununua mikate ili tusikie habari. "Kusikiliza kwake kwishia huko huko kazini," alitwambia. "Akirudi hapa akakaa, mie naona kama nimefuga kabati." Tulicheka sana. Yeye pia alicheka, akatuongeza mkate.

Mimi sikuwa miongoni mwa waliozimia. Nilisimama imara mbele ya damu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakuwa mpasuaji. Mshenga alichungulia mlangoni, akaniona niko wima, akasikitika waziwazi. Alikuja kunitamani siku nyingine kabisa, na sababu ni mambo ya wodini kwake. Palikuwa na bibi mmoja aliyekataa kula kwa kuwa, kwa maneno yake, yeye keshakufa. Wauguzi walimbembeleza na wanafunzi tukamletea hoja za vitabuni. Bibi alitusikitikia sote. Nilipochoka nikamuuliza ni nani aliyemuosha.

"Hajaniosha ntu," akasema.

"Na sanda?"

"Sijavishwa."

"Basi bibi, mazishi yako bado kutimia. Waoshaji wakija watakuambia. Kwa sasa uji unapoa."

Bibi akalizingatia jambo hilo kwa uzito wake, akaona kweli hawezi kuzikwa bila ya kuoshwa, akala. Mshenga alikuwa amesimama dirishani. Aliniuliza papo hapo kwetu ni wapi, na baba yangu anaitwa nani, na kama nina ami wakubwa walio hai. Sikufahamu maswali yale yalikuwa ya nini. Nilidhani anataka kunisifu kwa wazee.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mwaka uliotangulia alimpata kijana mmoja aliyekubali kabisa. Alikubali asubuhi, na alasiri mama yake akafika hospitali analia, anataka arejeshewe mwanawe. Hapo Mshenga akatoa fatwa yake mwenyewe: mtoto ana wenyewe, na mtoto wa watu haombwi njiani. Kuanzia siku hiyo akawa anakwenda kuwaposa. Alichukua sinia la tambuu, akaongozana na mwenzake, akabisha hodi baada ya Alasiri kama ada inavyotaka. Alikataliwa nyumba baada ya nyumba. Baba mmoja alimpokea vizuri, akamlisha halua, akamwambia kwa masikitiko kwamba wangempa, lakini kijana wameshamwahidi mtu wa mifupa.

Kwetu alifika nikiwa likizo. Barabara ya Wingwi ilikuwa mbovu wakati ule, na sinia limeshikwa na mvuvi wa Wambaa, ambaye kanzu yake ilikuwa mpya na bado ina mikunjo ya dukani. Mimi na Mama tulirukia nyuma ya pazia. Barazani walibaki Baba, mkulima wa muhogo na mbuzi wachache, na Bibi, mama yake Baba, ambaye ndiye serikali ya nyumba.

"Tumekuja kwa jambo la kheri," Mshenga akaanza.

"Kheri, inshaallah," Baba akasema.

"Mna ntoto hapa. Tumemuona, tumempenda, tumekuja kumuomba."

"Anayetaka nke ni nani? Ni weye, ama kijana wako?"

"Si mie. Ni wodi ya maradhi ya akili."

Baba aliwatazama wote wawili. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule alikuwa akijaribu kupambanua, kati ya wale wawili, yupi mgonjwa na yupi aliyemleta. Mshenga akamweleza wazi: hataki kumwoa mtu, anataka binti yao asomee maradhi ya akili na ashike wodi yeye akistaafu. Hakuficha neno hata moja. Lakini posa ikishatamkwa ndani ya nyumba ya watu ina adabu zake, na Baba hakuwa mtu wa kuvunja adabu kwa sababu tu mwenye kuposa hana mwili.

"Kwao wapi?" akauliza.

"Nyuma ya hospitali."

"Tabia zake?"

"Asubuhi ina kelele. Jioni hutulia."

"Ina mwengine?"

"Ilikuwa nami, miaka yote hii. Nami ndo naondoka."

Bibi alikuwa akitafuna tambuu yao bila ya kuchelewa. Akatema, akajifuta, akasema lile ambalo lilikuwa limezizuia nyumba zote za Pemba kumkubali. "Nasikia anayewatibu wenye wazimu, naye mwisho humuingia."

"Ntazame mie, Bibi," Mshenga akasema, akajinyoosha. "Umri wangu wote nimo humo. Wauona wazimu?"

Bibi akamtazama kwa makini. Na huyo kuku wetu, mweusi mwenye vifaranga, akachagua wakati ule kupita barazani. Daktari wa maradhi ya akili wa kisiwa kizima akapanda juu ya kiti kwa miguu yote miwili, kanzu kaikusanya mkononi.

"Nshauona," akasema Bibi.

Mama aliniziba mdomo kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. Mvuvi wa Wambaa, Mungu amlipe, aliinuka pole pole akamfukuza kuku, akarudi kukaa. Kisha akasema bila ya kuulizwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyezoea kusema mbele za wageni. "Mie nilifungwa kamba, Bibi. Alonifungua ni yuno. Kama anaogopa kuku, na aogope." Baba aliitikia kwa kichwa. Bibi hakusema kitu, na kwa Bibi kutosema kitu lilikuwa tukio.

Jibu la Baba lilikuwa la ada: hatukukataa wala hatukukubali, tutasemezana na ami zake. Wakainuka kuaga. Huko uani, juu ya paa la jiko, palikuwa na beberu la Bibi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika au yalipotengenea, sijui nisemeje. Beberu hilo tangu mfungo tatu lilikuwa na vituko. Lilipanda mapaa, lilikula makuti, likalia ovyo, na siku nyingine likasimama limeukabili ukuta mpaka jua likazama.

"Ikiwa weye daktari wa akili kweli," Bibi akasema, "n'tibie yule."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alimwomba mvuvi amteremshe mbuzi, akamfunga kwenye mpera, akachuchumaa mbele yake kwa koti lake jeupe. Akamtazama machoni. Akauliza anakula nini, analala wapi, vituko vimeanza lini, na kabla ya hapo alikuwaje. Baba alijibu maswali yale huku akitazama njiani kama majirani wanaona. Walikuwa wanaona, wote.

"Alikuwa na mwenzake?" Mshenga akauliza.

Baba akamtazama Bibi. Alikuwa naye. Walikua pamoja tangu wadogo, na yule mwenziwe tulimchinja Sikukuu ya Mfungo Tatu.

"Mbele yake?"

"Hapo hapo aliposimama," Baba akasema.

"Basi huyu hana wazimu," Mshenga akasema. "Huyu kafiwa. Mtafutieni mwenziwe."

Bibi akakaa juu ya kinu. Aliniita kwa jina, nikatoka nyuma ya pazia mbele ya wageni, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi. "Raya," akasema, "nenda na ntu huyu. Nyumba hii kafa ntu na kafa ntu, na hapana aliyepata kuniuliza mie kama nna mwenzangu." Babu yangu alikuwa amekufa mimi niko shule ya msingi. Bibi aliyasema yale kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi, kisha akaenda kumtilia mbuzi maji.

Wenzangu husimulia walivyochagua kazi zao: mmoja alimwona mtoto anapona, mwingine alimpoteza mama. Mimi nikiulizwa huwa nazunguka maneno, kwa sababu mimi nilichaguliwa na beberu. Nilimwona mzee yule kachuchumaa matopeni, anamuuliza mbuzi swali na anangoja jibu, na nikajua kwamba nikipasua watu umri wangu wote sitawahi kumngoja mtu namna ile. Nilitaka kujua inavyofanywa. Mbuzi aliletewa mwenziwe, akatulia. Baba mpaka leo anasema alikuwa na njaa tu.

Lililobaki ni kijiji. Kijiji kiliona sinia linaingia, kikaona wanaume wawili wa kanzu, kikaniona mimi nimeitwa uani. Ikawa nimeposwa. Tulieleza. Kadiri tulivyoeleza kwamba aliyeniposa ni wodi, ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba tunaficha bwana mkubwa. Na kwa kuwa haifai Muislamu kuposa juu ya posa ya nduguye, hapana kijana aliyethubutu kutia mguu kwetu. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye tulikuwa tukitazamana tangu sekondari, alijiuzulu kimya kimya kwa ajili ya dini yake.

Nilipokwisha kukata tamaa, mwalimu yule akapata fikra. Alikwenda kwa Mshenga mwenyewe, akamuuliza kwa heshima kama posa yake bado imesimama.

"Imesimama," Mshenga akamwambia. "Lakini mie nimeposa kazi yake. Mengine sina matumizi nayo."

Hata hivyo hakumwacha aondoke hivi hivi. Alimkalisha, akamuuliza usingizi wake, hamu yake ya chakula, hasira zake, utoto wake, na kama anasikia sauti. Kisha akampigia simu Baba na kumpa majibu. "Kijana mzima," alisema. "Anajipenda kidogo, lakini hilo halina dawa." Ndiye mume wangu, na hukumu ile imethibiti.

Nilikwenda bara kusoma, nikarudi. Mshenga alikuwa ameomba aongezewe muda, akaongezewa, akaomba tena, na nadhani walimwongezea kwa kuchoka kumsikia. Siku ya kunikabidhi nilivaa vizuri, nikitaraji hotuba. Alinipa funguo za wodi, akaniambia ufunguo wa stoo ya dawa una ukaidi, niuinue kidogo kabla ya kuuzungusha. Alimuaga kila mgonjwa kwa jina. Akatoka kwa njia ya mbali, kwa sababu ya kuku.

Akahamia Wesha, yeye na mkewe. Nilijiandaa kusumbuliwa. Nilijua mtu wa namna ile atakuja kila wiki kuniambia ninavyokosea, nikawaonya wauguzi. Hakuja. Mwanzo nilishukuru, kisha nikashangaa, kisha nikakasirika hasa. Nilikuwa na kesi ambazo ningetoa jicho kumuuliza, na simu yake haikupokelewa. Nilimkuta mkewe sokoni, nikamuuliza. "Yupo," alisema, na hakuongeza kitu, yeye ambaye maneno hayakuwa yakimwishia. Nikaona basi, mzee alikuwa anatafuta wa kumtwisha mzigo, kampata, kenda zake kulala. Niliumia. Nilidhani mimi na yeye tumefika mbali kuliko hivyo.

Asubuhi moja ya siku ya kliniki nikatoka kuita mgonjwa, nikamwona kakaa kwenye benchi. Alikuwa katikati, kabanwa na mama mwenye kikapu na kijana aliyekuwa akimsomea kwa sauti maandishi ya gazeti lililofungiwa maandazi. Kanzu ilikuwa imemkaa kubwa. Muuguzi alikuwa amemwambia apite ndani, akakataa. "Nimekuta watu," alisema. Nami nilipomwita akaniambia neno lile lile, akangoja zamu yake.

Ilipofika, akaingia. Nikainuka kumpisha kwenye kiti changu, ambacho kilikuwa chake. Akakitazama, akapita, akakaa kwenye kile kingine.

"Mwalimu," nikasema, nikicheka, "umekuja kunikagua?"

"Silali, Raya."

Nilibaki na kicheko mdomoni sijui pa kukipeleka.

"Silali, wala sili," akasema. "Kuinuka kitandani kwanishinda. Hulia, na ukiniuliza nalilia nini, sina. Jina la ugonjwa huu nalijua. Nimewafundisha nyote jina lake."

"Tangu lini?"

"Tangu nna nywele nyeusi. Huja, hukaa, hwenda zake. Mara hino kaja hataki kuondoka."

Nilimtazama mtu ambaye nilikuwa nikijidai kumjua, na sikuweza kupanga swali la maana. Nikauliza la kijinga, kwa hasira kuliko nilivyokusudia. "Na miaka yote hiyo ulikuwa ukitibiwa wapi?"

Alitazama mikono yake.

"Kinyozi hajinyoi," akasema. "Na kisiwa kizima kinyozi nlikuwa mie. Ningekwenda kwa nani?"

Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, na vyote viwili si kazi ya daktari. Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakakaribiana, nikamwambia aanze mwanzo, na asiruke kitu. Akaanza. Akanieleza kwa utaratibu mzuri jinsi daktari anavyopaswa kumhoji mgonjwa wa namna hii, lipi litangulie na lipi lifuate, na makosa ambayo madaktari vijana huyafanya. Nikamwambia anyamaze, daktari hapa ni mie. Akanyamaza. Nje kijana wa maandazi alikuwa bado anasoma. Mwalimu wangu akajipangusa uso kwa pindo la kanzu, akavuta pumzi, akaanza kuniambia habari zake.